Kizuia Upepo cha Mlango wa Kushoto

To, to, to. Matone ya maji yaligonga kitako cha ndoo, kisha maji yakaanza kumiminika. Sajenti Ester alifumbua macho gizani, mkono wake ukaenda moja kwa moja kwenye rungu lililokuwa chini ya mto. Adhana ya alfajiri ilikuwa bado. Mtu alikuwa uani, bombani, peke yake.

"Nani?" aliuliza akiwa nyuma ya mlango.

"Mimi, mama. Shadia." Ilikuwa sauti ya mnong'ono. "Shikamoo. Maji yametoka, nakujazia na ndoo yako."

"Marahaba. Si nilikukataza kutoka gizani peke yako?"

"Nikingoja kupambazuke yatakatika. Nikajipa moyo, nikasema jirani yangu ni polisi."

Ester akaondoa komeo, akatoka, akasimama kando ya mpangaji mwenzake mpaka ndoo ya mwisho ilipojaa. Zamani, saa kama hiyo, mabomba ya Mafiga yalikuwa na kelele za wanawake kuliko soko. Sasa kila mmoja alikuwa akisubiri jua. Wanawake wawili walikuwa wameokotwa vichakani, nje ya mji, wamenyongwa kwa khanga zao wenyewe. Wote walikuwa wachuuzi wa mboga, na wote walionekana mara ya mwisho wakipanda gari dogo jeupe lililowapa lifti jioni ya mvua.

Wa tatu alikuwa hai. Jina lake Angelina, binti wa milimani aliyekuwa akishusha njegere mjini. Dereva alipoacha barabara na kukata kuingia kwenye mkonge, Angelina alipitisha mkono juu ya kioo kilichokuwa nusu wazi, akang'ang'ania bati la juu kwa nje, akaupiga mlango mateke mpaka ukafunguka. Sura ya mtu hakuiona. Kulikuwa na kofia, kola na giza la mvua. Alichokumbuka ni bangili zake tatu za shaba zikikwaruza bati lile, zikilia kama kucha za paka kwenye sufuria. Alimweleza Ester usiku uleule, na kulipokucha akakimbilia kwao Uluguru akajifungia ndani.

Muuaji alijua jambo moja: kuna mwanamke mmoja aliyebaki hai. Kwao hakukujua. Aliyekujua ni Ester peke yake.

---

"Stambuli amekiri?" Ester aliuliza alipofika kituoni.

"Atakiri," alijibu Inspekta Castory bila kuinua macho.

Stambuli alikuwa dereva wa teksi. Gari lake lilikuwa jeupe, tena lilikuwa na mikwaruzo juu ya mlango wa kushoto. Hilo lilitosha kumtia mahabusu.

"Afande, mikwaruzo ile ina kutu. Kutu ya namna ile haioti kwa wiki moja. Ni kamba anazofungia magodoro juu ya gari."

"Ester, mji mzima unataka mtu. Nimewapa mtu."

"Na kama siye?"

"Basi kamlete huyo binti, aje atuambie siye." Castory akafunga faili. "Landrova haina tairi la nyuma, unajua mwenyewe. Utapanda na Bwana Kasimiri. Yuko hapo nje, anakwenda kununua njegere huko huko."

Kasimiri alikuwa muuza mbegu na dawa za mboga. Duka lake lilifunguliwa enzi ya ruksa, biashara ilipoachiwa, na likashamiri. Watu walimtaja kwa wema. Jamaa wa marehemu wa pili walipokosa usafiri wa kwenda kuzika, yeye ndiye aliyewabeba. Kituo kilipokosa mafuta, yeye ndiye aliyetoa gari. Asubuhi ile alimfungulia Ester mlango kabla hajaugusa, akamtandikia shuka kwenye kiti.

"Kaa mbele, dada Sajenti. Nyuma nimejaza magunia. Na kuna maandazi hapo, bado ya moto."

"Ahsante, kaka. Mungu akuzidishie."

Gari lilikuwa jeupe, kama nusu ya magari ya mitumba yaliyoshuka bandarini miaka ile. Ester akatupa jicho juu ya mlango wa kushoto, kwa mazoea tu, kama alivyofanya kwa kila gari jeupe wiki nzima. Hapakuwa na mkwaruzo. Juu ya kila dirisha palikuwa na kizuia upepo, kile kipande cha plastiki nyeusi kilichoinama kama kope, kinachomwezesha mtu kuacha kioo wazi kidogo bila mvua kumwingia. Siku hizo kila mwenye gari alivitaka.

Walipopita mafundi wa barabarani wa Mafiga, mmoja wao alisimama ghafla, pasi ya mkaa mkononi. Ester alimfahamu, ni Abuu, aliyekuwa akibandika vitu hivyo kwenye magari ya watu. Alikuwa akiipasha gundi kwa pasi, kisha akiliweka gari juani nusu siku. Bila hivyo, alizoea kusema, ukungu wa mlima utavibandua vyote.

"Bosi!" Abuu alipiga kelele. "Bosi! Si nilikwambia gari lilale juani? Ukipanda nalo huko juu vitaachia hivyo!"

Kasimiri akapandisha kioo chake na kukanyaga mafuta.

"Mnafahamiana?" Ester aliuliza.

"Ah, hawa! Kwao kila gari linalopita ni la mteja. Kula andazi, dada, litapoa."

---

Waliiacha barabara ya Iringa, wakapita Mlali, wakaanza kupanda. Mvua ilikuwa nyepesi, ya kunyunyiza. Kushoto kwa Ester palikuwa na bonde, na ukingo wa barabara ulikuwa karibu kiasi kwamba hakuona udongo chini ya mlango, aliona migomba tu, na vilele vyake vilikuwa chini ya magurudumu.

"Huyo binti," Kasimiri alisema taratibu, "kwao ni kabla ya Langali au baada?"

"Tutauliza tukifika."

"Nauliza kwa ajili ya mafuta tu."

"Yatatosha, kaka."

Wakaenda kitambo. Ukungu ulikuwa ukishuka kutoka msituni na kuikalia barabara.

"Maskini ya Mungu. Anaishi na wazee wake, au yuko peke yake?"

"Sijui vizuri."

"Na sura ya mtu yule, anaikumbuka?"

"Mambo hayo atayasema mahakamani."

Kasimiri akatikisa kichwa kwa huruma. Ester alitazama mikono yake kwenye usukani, mikono safi, kucha zimekatwa vizuri. Kitu kilikuwa kikimsumbua, na ilimchukua kona mbili kukijua. Wiki nzima hakuna mtu aliyekutana naye bila kumwuliza habari za Stambuli. Muuza mkaa aliuliza. Padri aliuliza. Shadia aliuliza kila siku: amekiri? Ndiye kweli? Bwana Kasimiri alikuwa kwenye gari na mpelelezi tangu asubuhi, na hakumtaja Stambuli hata mara moja.

Hapo ndipo plastiki ilipoanza kupiga. Tap. Tap-tap. Kizuia upepo cha upande wa Ester kilikuwa kimeachia kwa mbele, kinapepea.

"Kinataka kutoka," Ester alisema, akashusha kioo.

"Kiache."

Neno lilitoka haraka, tena kali. Kasimiri mwenyewe alilisikia, akatabasamu. "Utalowa bure, dada."

"Kitadondoka bondeni, itakuwa hasara. Ngoja nikishike."

Akapitisha mkono juu ya kioo, akakikandamiza. Gundi ilimnata vidoleni, laini, mbichi kama ugali usioiva. Alipokuwa akitafuta mahali pakavu pa kubana, vidole vyake vikaingia chini ya plastiki, vikagusa bati.

Mistari mitatu. Ilikuwa sambamba, ikapinda kidogo mwishoni, kama mkono ulioburutwa kwa nguvu kwenda nyuma. Haikuwa na kutu. Kingo zake zilikuwa bado kali.

Ester hakuutoa mkono. Kama angeutoa upesi, angejulikana.

"Vizuri sana hivi," alisema. "Umevipata hapa mjini?"

"Hivyo? Lilikuja navyo kutoka Japani. Tangu mwaka jana."

Akainua jicho taratibu. Kingekuwa hapo mwaka mzima, rangi ya chini yake ingebaki inang'aa. Rangi hii ilikuwa imepauka sawasawa na mlango wote. Kilikuwa hapo siku chache, na mwenye gari alikataa kusubiri jua likikaushe.

Alirudisha mkono ndani.

"Umenyamaza, dada," Kasimiri alisema.

"Kona hizi. Tumbo limevurugika."

Kasimiri akapunguza mwendo. "Umeshika nini huko nje?"

"Gundi tu. Tazama." Akamwonyesha vidole.

Kasimiri akatoa leso mfukoni. Huku akiendesha kwa mkono mmoja, akamshika Ester kiganja, akamfuta vidole, kimoja baada ya kingine, kama mtu anayemfuta mtoto baada ya kula. Hakuwa na haraka. Alipomaliza aliikunja leso, akairudisha mfukoni.

"Tumekaribia?" aliuliza.

"Tumekaribia," alisema Ester.

Nyumba ya Angelina ilikuwa nyuma ya kilima kilichokuwa mbele yao. Hapakuwa na redio ya kuita mtu, wala kijiji mpaka kilima hicho. Rungu alikuwa nalo miguuni, lakini mlango wake ulikuwa unatazama bondeni, na usukani ulikuwa mikononi mwa mwenzake. Gari likakata kona, na katika ukungu wakaonekana wanawake wamejitwisha kuni na maji, wamejifunga khanga viunoni, wanatembea kimya kuelekea upande mmoja. Chini kidogo ya barabara, moshi ulikuwa ukipanda uani, na watu wamejaa.

"Simama hapo," Ester alisema. "Pana msiba. Shangazi yake ndiye aliyefariki. Binti atakuwa humo."

Hakumjua marehemu. Alijua jambo moja tu: msibani kwa Waluguru hapakosi watani, na yeye mwenyewe, kama Mzigua, alikuwa mmoja wao.

"Nishuke na mimi?" Kasimiri aliuliza.

"Utaachaje kutoa pole, na wewe ni mtu wa Mungu?"

---

Walikuta mzee amelala katikati ya njia, kichwa juu ya chungu kilichovunjika, amevaa gauni la kike na kilemba cha gunia. Alikuwa amekataa kupisha hata magurudumu ya baiskeli. Huyo alikuwa Mwinjuma, Mzigua aliyeoa kijijini miaka mingi, na siku ya msiba ilikuwa siku yake.

"Hapiti mtu!" alisema bila kufumbua macho. "Marehemu amekufa makusudi, ili asinipe mbuzi wangu!"

Waliokuwa karibu wakacheka, hata wenye machozi.

Ester alifungua mlango, akashuka, akapiga yowe refu kama la mfiwa, kisha akajishika kiuno. "Nani amefia hapa bila kuomba ruhusa kwa Wazigua?"

Mwinjuma akafumbua jicho moja. "Mzigua huyo? Mzigua gani anakuja msibani mikono mitupu kama anakwenda kuoga mtoni?"

"Sikuja mikono mitupu. Nimekuja na gari! Na gari hili, Mzigua mwenzangu, limepita mbele ya nyumba ya marehemu bila kupiga magoti."

"Halikupiga magoti?"

"Hata kuinama!"

"Faini!" Mwinjuma akainuka kwa wepesi ambao hakuna aliyeutegemea, akapenyeza mkono mlangoni mwa dereva, akachomoa funguo. Wanawake wakapiga vigelegele. Kasimiri alikuwa ameshatoa mguu mmoja nje. Akacheka pia, akatoa noti. Mwinjuma akaitia noti ile mdomoni, akaitafuna kidogo, akatikisa kichwa.

"Haina chumvi. Mama Rosa, pokea!"

Funguo zikaruka hewani. Mama Rosa, dada wa marehemu, akazidaka, akazifunga kwenye pindo la khanga, na khanga akaichomeka kifuani.

"Dada Sajenti," Kasimiri alisema. Tabasamu lilikuwepo bado. "Waambie wanirudishie."

"Huo ni utani, kaka. Mimi nina amri gani?"

"Waambie sasa hivi."

Alisema kwa sauti ndogo. Ester akawageukia watu. Akamwona mwenyekiti wa kitongoji, Bwana Agustino, amesimama na vijana waliotoka kuchimba kaburi, majembe mabegani. Akampungia mkono.

"Tumsifu Yesu Kristo, mwenyekiti."

"Milele na milele, amina. Pole na safari, mama."

"Njoo na vijana wako. Mje muwe mashahidi wangu."

Akashika ncha ya plastiki iliyokuwa ikining'inia, akavuta. Ilitoka nzima, gundi ikavutika nyuzi nyuzi kama utando wa buibui. Juu ya dirisha la kushoto, kwenye bati jeupe, ikabaki mistari mitatu.

"Mnajua habari za wanawake wa mjini," Ester alisema. "Aliyepona alikwaruza gari la muuaji kwa bangili tatu. Hapa hapa. Bwana Kasimiri, hivi ulivibandika lini?"

Vicheko vilikatika. Hata kuni jikoni zilisikika zikilia.

Kasimiri hakuitazama mistari. Hakumtazama Ester wala majembe. Aliwatazama wanawake, mmoja mmoja, akishuka kutoka uso mpaka kwenye mikono yao. Ester alielewa. Mtu huyu alikuwa bado anamtafuta mwenye bangili.

"Mshikeni!" alisema Ester.

Kasimiri aliruka juu ya chungu. Hatua chache tu, Mwinjuma na gauni lake wakamwangukia miguuni, vijana wakammaliza nguvu. Mtu akaleta kamba. Kisha mtu mwingine akaokota jiwe, na mwingine, na mama mmoja akaanza kulia kwa sauti akimtaja mwanawe anayeuza kabichi mjini.

Ester akasimama mbele ya mfungwa, mgongo wake ukielekea kwake, jambo aliloliogopa kuliko mawe.

"Wekeni chini. Hapa pana marehemu mmoja. Hatuongezi wa pili."

"Na wale wawili wa mjini, mama?" kijana mmoja aliuliza.

"Nataka awataje mbele ya hakimu, mama zao wakisikia. Ukimuua hapa, atawataja kwa nani? Na kuna mtu asiye na kosa yuko mahabusu mpaka sasa."

Jiwe la kwanza lilidondoka. Mengine yakafuata, polepole.

Bwana Agustino akamfungia Kasimiri katika ghala la ushirika, vijana wakizunguka kuta zote, na akatuma watu wawili kwenda misheni kuomba wapige simu ya upepo mjini. Ester aliketi juu ya kinu. Mama Rosa, mwenye msiba wake, aliyekuwa hajazika bado, akamletea uji kwenye kata, akamshikia mpaka akaumaliza.

"Kunywa, mtani," alisema. "Funguo zako ninazo. Hazitoki hapa mpaka useme."

---

Njia ya kwenda kwa Angelina ilikuwa ya miguu, kati ya matuta ya njegere. Ester aliikwea peke yake. Nyumba ilikuwa imefungwa, dirisha limezibwa gunia.

"Hodi."

Akagonga tena.

"Hodi, mwanangu. Ni Ester, wa polisi."

"Uko na nani?" Sauti ilitoka chini, karibu na kizingiti, kana kwamba msemaji alikuwa ameketi ameegemea mlango.

"Niko peke yangu."

"Muongo. Nimesikia gari."

"Gari halina funguo. Mwenyewe amefungwa kamba, yuko ghalani kwa Bwana Agustino."

"Hata Stambuli mlisema mmemfunga."

"Mimi sikusema. Safari hii nimeigusa mistari yako kwa vidole hivi."

Ester akavipitisha vidole kwenye ufa wa mlango. Kisha mchi uliokuwa umeuegemea mlango ukasikika ukisogezwa. Mlango ulifunguka kiasi cha jicho, halafu kiasi cha uso. Binti alikuwa amekonda. Alitazama nyuma ya Ester, kwenye migomba, kwenye ukungu, kabla hajamtazama yeye.

"Ulikuja naye?"

"Nilikuja naye. Sikujua. Nilijua tukiwa njiani."

"Kama usingejua?"

Ester akainama, akaondoa mchi njiani. Wakaketi kizingitini, wote wawili, mlango ukiwa wazi nyuma yao. Ester alitoa karatasi, akamwandikia maelezo upya, akamsomea, Angelina akatia dole gumba. Akazivua bangili ili zipimwe na mistari, zikafungwa kwenye kitambaa. Ester akamweleza kwamba askari watapanda jioni kumchukua yule mtu, kwamba watapita chini ya kilima, na kwamba atasikia gari lao.

"Ukilisikia, usiogope. Ni letu."

"Nitaogopa," alisema Angelina.

"Basi ogopa, lakini ujue ni letu."

Alipoinuka kwenda zake, binti naye aliinuka, akamsindikiza mpaka mwisho wa uwanja, pale matuta yalipoanzia. Hakuvuka hapo. Alisimama amejikumbatia, akiangalia njia ya kuteremkia.

"Mama."

"Naam."

"Utakuja tena?"

"Siku ya kesi nitakuja kukuchukua mwenyewe."

Angelina akatikisa kichwa. "Siyo hiyo. Njoo siku ambayo huna la kuniuliza."